"Imekatika": uzoefu wangu na Wi-Fi ya kampuni changa

Siku ya nne bila intaneti, baada ya kupiga simu mara sijui ngapi na kusikiliza kinanda chao mpaka nikakikariri, hatimaye akapokea kijana. Nikamweleza taratibu: taa nyekundu kwenye kisanduku inapepesa, nimezima nimewasha, nimechomoa nimechomeka, hakuna kitu. Nikasikia anabofyabofya huko aliko. Kisha akasema, "Mama, kwa mujibu wa mfumo wetu, uko hewani."

Nikamwambia, mwanangu, niliyekaa mbele ya hiki kisanduku ni mimi. Siko hewani.

"Mfumo unaonyesha uko hewani." Akanyamaza kidogo. "Hapo nyumbani hakuna kijana yeyote anayeelewa mambo ya mtandao, nizungumze naye?"

Nilikata simu. Sikujiamini na nilichotaka kumjibu.

Kijana! Mimi nilianza kutumia intaneti huyo bwana mdogo hajajua kufunga kamba za viatu. Enzi za intaneti kafe pale Posta, Dar es Salaam, unalipia nusu saa, kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga, ukurasa wa Yahoo unashuka mstari mmoja mmoja, na muda unakwisha hujasoma hata barua moja. Nimetumia modemu za kuchomeka, zile tulizozining'iniza dirishani kwa uzi ili zidake mnara. Mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ulipofika pwani yetu 2009, na EASSy 2010, tukaambiwa bei zitashuka, na kweli zilishuka, kwa mwendo wa kobe. Nimeishi kwa bando kama kila mtu. Aprili 2021 vifurushi vilipobadilishwa na watu wakapiga kelele hadi serikali ikasitisha, mimi nilikuwa ndani ya kelele hizo. Kijana pekee ninayeishi naye ni mjukuu wa dada yangu. Ana miaka sita.

Nieleze kwa nini siku nne ni msiba kwangu. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na sasa nawafundisha wageni kwa video, wengi wa Ujerumani, wawili watatu wa Marekani, mmoja Uingereza. Somo la saa moja linaweza kumeza GB nzima. Kwa bando la simu unafundisha huku jicho moja liko kwenye salio, kama dereva wa bajaji mwenye taa ya mafuta inayowaka. Kwa hiyo hawa vijana wa kampuni walipokuja mtaani kwetu Tabata na hema, spika, fulana za rangi na neno "bila kikomo", nilikuwa kati ya watu wa mwanzo kujiandikisha. Bei na kasi mtazitafuta wenyewe, zimebandikwa kila nguzo.

Na nisiwadhulumu. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Sura ya mwanafunzi haigandi, sauti haisikiki kama ya mtu aliye kisimani. Niliwasifia kwa kila jirani. Kuna majirani watano waliojiunga kwa mdomo wangu, na sasa wakinikuta dukani wananitazama kwa namna fulani.

Siku ilipokatika nilikuwa kwenye somo na mzee mmoja wa Kijerumani, mhandisi mstaafu, mtu wa kuuliza maswali. Na somo lenyewe, sitanii, lilikuwa kauli za vitenzi. Nilimwandikia mifano mitatu: nimekata uzi, uzi umekatwa, uzi umekatika. Nikamweleza kwamba katika huo wa tatu, kauli ya kutendeka, hatumtaji mkataji, wala hatudai kwamba yupo. Jambo limetokea tu, kama vile uzi umejiamulia wenyewe. Akafungua mdomo kuuliza, akaganda hivyo hivyo, mdomo wazi. Nikahamia kwenye simu, nikamkuta ameshaniandikia: "Mwalimu, intaneti imekatika au imekatwa?"

Swali hilo nilikaa nalo siku tisa.

Maana fungueni ujumbe wowote wa kampuni hii. "Huduma imekatika." "Tatizo limejitokeza." "Hitilafu imetokea katika eneo lako." "Ombi lako limechelewa." Hakuna mtu humo ndani! Hakuna aliyekata, aliyechelewesha, aliyesahau. Si zote ni kauli ya kutendeka kisarufi, lakini kampuni nzima inaishi ndani ya roho yake. Wanapotaka pesa, hapo ndipo mtendaji anapoonekana, tena ni mimi: "Lipia sasa usikose huduma."

Halafu kuna yule msaidizi wao wa kwenye programu, roboti, aliyepewa jina zuri la kike na picha ya dada anayetabasamu. Nilimweleza tatizo kwa Kiswahili sanifu, akanijibu: "Tunaelewa kuchanganyikiwa kwako." Kuchanganyikiwa! Hapa kwetu mtu aliyechanganyikiwa ndugu zake humshika mkono barabarani asigongwe. Nina hakika aliyetunga sentensi hiyo hakuitunga kwa Kiswahili. Kaitoa kwingine, akaivika nguo zetu, akaileta mlangoni kwangu. Nikaandika, "Sijachanganyikiwa, nimekasirika." Akajibu, "Asante kwa mrejesho wako. Je, umejaribu kuzima na kuwasha kifaa chako?"

Mtaniambia intaneti hukatika popote duniani. Najua. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika huko baharini kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi yetu na majirani zetu tuliteseka, masomo yangu yakaharibika, na sikumtukana mtu. Kwa nini? Kwa sababu tuliambiwa. Nyaya zipi, upande gani, waziri akatoa taarifa, watoa huduma wakasema wanahamishia mzigo njia nyingine. Chini ya bahari! Na mimi waya wangu unatoka kwenye nguzo ninayoiona nikiwa jikoni naosha vyombo, na hakuna aliyeweza kuniambia umekatikia wapi.

Siku ya tano, ya sita, ya saba, sitaki kuzisimulia sana. Bando likaisha, nikanunua jingine, likaisha. Mwanafunzi mmoja wa Marekani akaniandikia kwa upole kwamba "atapumzika kidogo", nami najua kupumzika huko. Usiku nilikuwa nafungua ukurasa wa kampuni nasoma wanavyojisifu: wamealikwa jukwaa fulani, wamepata mwekezaji, wanafungua eneo jipya. Nikaanza kuapa kwamba hizi kampuni changa zote ni fulana na spika, kwamba hawa watoto wanajua kupanda jukwaani tu na hawajui kupanda ngazi.

Hapo nilivuka mpaka, nakubali. Mwanafunzi wangu wa Uingereza hunitumia ada kwa NALA, programu ya kutuma pesa ambayo aliianzisha Mtanzania mwenzetu, Benjamin Fernandes, na hela huingia kwenye simu kabla sijamaliza kumwandikia asante. Anayekumbuka foleni za kupokea pesa kutoka nje, na fomu zake, hawezi kuwabeza vijana wote. Kwa hiyo nafuta neno "zote". Maneno mengine yabaki.

Siku ya tisa, jioni, mvua inataka kunyesha, nikasikia hodi. Binti mwembamba, ngazi begani, begi mgongoni. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba kwa sauti ambayo haikumstahili, maskini. Akaingia, akaitazama taa nyekundu, akasema, "Hii LOS ikiwaka hivi, mwanga haufiki kabisa. Hata ungezima na kuwasha mwaka mzima."

Nilitaka kumkumbatia.

Akachomoa ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani, akauchomeka kwenye kipimo chake. Kipimo hakikusoma kitu. Akaniambia niutazame vizuri: ndani ya lile ganda jeusi kuna uzi wa kioo, unene wake kama unywele, na intaneti yangu yote ni mwanga unaopita humo. Ukiukunja sana, mwanga unavuja pale kwenye kona. Ukiukata, hakuna mjadala. Tukatoka, akaegemeza ngazi kwenye nguzo ya kona, akapanda kwenye ule msitu wa nyaya ambao kila kampuni imejifungia wake, akapima. Pale juu kipimo kikasoma hasi 19. "Mwanga upo mpaka hapa," akaniambia, "ungeshuka chini ya hasi 27 ndiyo tungekuwa na kazi kubwa." Akavutavuta, akashika ncha moja iliyokuwa inaning'inia, akaielekeza kwangu.

"Wamekata, mama. Hawa wenzetu walipopandisha waya wao mpya, wakaona wetu unawasumbua, wakakata."

Wamekata! Mtendaji, wakati, kitenzi. Siku tisa nimesubiri sentensi hiyo.

Akashuka na kimashine chake, kadogo kama kisanduku cha fundi saa, akazisafisha ncha mbili, akazilaza zitazamane, kikaziyeyusha zikashikana. Akavalisha kijiti cha plastiki, akapanda tena. Kazi nzima nusu saa. Taa ikawa ya kijani. Na mvua ikaanza.

Nilimpa chai, akanywa akisubiri mvua ipungue, na hapo ndipo hasira yangu ilipohama nyumba. Aliniambia mambo mawili bila kukusudia kumsema mtu. Kwanza, waya unaotoka barabara kuu si wa kwao. Wamekodi kwa kampuni kubwa, kwa hiyo ukikatika huko wao nao wanapiga simu na kusikiliza kinanda cha watu wengine. Pili, mafundi wanalipwa kwa kila mteja mpya wanayemuunganisha. Kutengeneza kwa mteja wa zamani kuna posho ndogo ambayo nauli ya bodaboda inaimaliza. "Yaani mama, leo nimeacha nyumba mbili mpya."

Nikamuuliza, sasa kwa nini yule wa simu alisema niko hewani? Akacheka. "Wale wa simu hawaoni waya. Wanaona malipo. Hewani maana yake umelipia."

Acheni hilo liingie. Kwa siku tisa, kwa mujibu wa mfumo, nilikuwa mteja hai mwenye afya njema. Na bila shaka kwenye zile namba wanazowaonyesha wawekezaji mimi nimo, nang'aa. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilihesabu laini za intaneti zaidi ya milioni 50 katikati ya 2025, nikafurahi kama Mtanzania, ingawa tatu kati ya hizo ni zangu mwenyewe. Tangu siku ile nikisikia kampuni inataja idadi ya wateja wake, najiuliza wangapi wana taa nyekundu.

Kwa hiyo nilianza kumwonea huruma hata yule kijana wa simu. Amewekewa kioo kinachoonyesha pesa, akaambiwa huo ndio mtandao. Lakini huruma ina mwisho. Lile swali la "hakuna kijana hapo nyumbani" halikuwa kwenye mfumo. Hilo alitoka nalo kwake.

Usiku ule nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Kweli kabisa. Nyota nne kwa ajili ya binti mmoja na ngazi yake. Nikafungua programu, na kabla sijafika kwenye nyota nikakuta karatasi za rangi zinapukutika kwenye skrini kama harusini. "HONGERA! Umejishindia ZAWADI ya siku 2 za intaneti!"

Nimejishindia. Siku tisa zangu, nilizolipia kwa pesa zangu, wamezikalia, wakanirudishia mbili, na wakanipongeza!

Nimewaandikia barua rasmi, kwa sababu utaratibu wa TCRA unataka malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma kabla hujayapeleka kwao. Wiki kadhaa zimepita. Nimejibiwa kwamba "barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi". Nani ameipokea, nani anaifanyia kazi, sarufi haisemi.

Mnataka hukumu? Tangu siku ile haijakatika tena hata mara moja. Inaenda vizuri, somo la leo asubuhi halikuyumba, na kwa pesa ninayolipa bando lisingenifikisha tarehe kumi. Ukiniuliza ujiunge au usijiunge, nitakuambia jiunge, ila mwombe fundi namba yake siku ya kwanza, kabla hajashuka ngazi. Mimi ya binti ninayo. Nimeisevu kwa jina la kampuni, maana kwangu kampuni ni yeye.

Nyota: niliweka tatu. Nikakumbuka "hakuna kijana", nikashusha moja. Jana mzee wangu wa Kijerumani kanitumia kazi yake ya nyumbani, sentensi kumi za kauli ya kutendeka. Ya saba imeandikwa: "Mwalimu amekasirikika." Si neno sahihi, nimemwekea alama ya kosa, lakini nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini, na nikairudisha nyota ya tatu. Bado naiangalia. Naweza kuishusha tena kabla ya tarehe ya kulipia.