Gobore la babu: maji ya moto au mafuta?
Gobore la urithi linaanzia polisi, upate kibali kwa jina lako. Kisha fundi wa silaha ahakikishe mtutu hauna shindilio la zamani, yaani baruti na risasi zilizoshindiliwa ndani.

Baada ya kupiga, usafi. Mjomba wangu wa Ukerewe alipaka mafuta tu. Ni haraka, na kweli mafuta hukinga chuma safi na unyevu wa ziwa. Lakini masizi ya baruti nyeusi yana chumvichumvi isiyoyeyuka kwenye mafuta. Hubaki chini yake ikivuta unyevu na kula chuma. Mtutu wake ulitoboka vishimo, inauma kuuona.

Maji ya moto yenye sabuni huiyeyusha chumvi hiyo, na chuma kikipata joto hukauka upesi. Mimi nachagua maji, siku ileile. Mafuta kidogo yafuate, mtutu ukishakauka kabisa.