Kisanduku cha rangi za maji mbele ya kutu, chokaa na maji ya kina kifupi

Kisanduku ninachokitathmini hapa ni kile cha plastiki nyeupe kinachoingia katika mfuko wa koti, chenye vidonge 12 vya rangi za maji na burashi fupi ya vipande viwili. Viwanda kadhaa hukitengeneza kwa umbo linalokaribiana, na orodha ya rangi zake hutofautiana kidogo tu: manjano mbili, nyekundu mbili, buluu mbili, kijani mbili, rangi tatu za udongo na nyeupe moja. Hutangazwa kuwa chombo cha msafiri anayetaka kuchora mandhari akiwa njiani. Mimi nimekitumia kwa kazi nyingine, nayo ni kuweka kumbukumbu ya vitu vya kila siku vya kisiwa nilikokulia, vingine nikiwa nimekaa mbele yake na vingine nikiwa mbali navyo. Kwa hiyo kipimo changu si kile cha mtu atakayekitumia likizoni kisha akakisahau kabatini.

Kisiwa kama kinavyoonekana kwenye kadi za posta hakihitaji rangi nyingi, na kisanduku chochote kitakimudu. Aliyekulia hapo hukumbuka mambo mengine: ubavu wa mashua uliopakwa rangi mara nyingi hadi matabaka yakaanza kubanduka, ukuta wa chokaa ulioota ukungu mweusi upande unaopigwa na mvua, kamba ya nailoni iliyopauka kwa jua huku sehemu iliyokuwa ndani ya fundo ikibaki na rangi yake ya awali, na ule mstari wa mwani mkavu unaoonyesha maji ya usiku yaliishia wapi. Hivi ndivyo vitu vinavyolilisha jicho la mchoraji wa kisiwani, kwa sababu huvipita kila anapotoka nje, na karibu vyote vina rangi ambazo hakuna kidonge kinachoziuza zikiwa tayari: kijivu chenye wekundu kwa mbali, kijani kilichofifia, weupe uliochafuka. Kisanduku kinachomfaa ni kile kinachochanganya vizuri rangi hafifu za namna hiyo, hata kama vidonge vyake havipendezi sana kuvitazama dukani.

Nianze na buluu, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hukikadiria kisanduku vibaya. Buluu mbili zilizomo ni ultramarini na kobalti, au rangi inayoiga kobalti katika visanduku vya daraja la wanafunzi. Ultramarini ya asili ilisagwa kutokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na kwa karne nyingi iliwashinda bei wachoraji wengi. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipewa tuzo kwa kubuni njia ya kuitengeneza kiwandani, na ndiyo maana leo inapatikana hata katika kisanduku cha plastiki. Ina tabia mbili ambazo mchoraji wa bahari anapaswa kuzijua. Inaelekea kwenye zambarau, na chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi, hivyo doa lake likikauka huwa na punjepunje zinazoonekana kwa macho. Punjepunje hizo ni zawadi. Zikitandazwa kwa burashi iliyojaa maji huonyesha bahari ya mbali siku ya upepo vizuri kuliko kuhangaika kuchora wimbi mojamoja, na zikichanganywa na udongo huwa mchanga uliolowa.

Tatizo lipo kwenye maji ya kina kifupi. Maji ya bahari hufyonza mwanga mwekundu kwanza, ndani ya mita chache tu za juu, na buluu ndiyo hupenya mbali zaidi, ndiyo sababu kina kirefu huwa na buluu iliyokolea. Penye mchanga mweupe na maji ya kufika kifuani, mwanga hushuka hadi chini, ukagonga mchanga na kurudi kabla kijani chake hakijafyonzwa, na jicho huona feruzi. Ultramarini haiwezi kuitoa feruzi hiyo hata ukiibembeleza vipi. Ukiichanganya na kile kijani cha majani kilichomo kisandukuni utapata kijani cha kijivu, kwa kuwa wekundu uliomo ndani ya ultramarini huua ung'avu wake. Njia inayofaa ni kobalti iliyoongezwa viridiani kidogo, yaani kile kijani cha pili chenye ubaridi, na maji mengi sana. Katika visanduku vingi vya daraja la wanafunzi, kidonge kinachoitwa viridiani kimetengenezwa kwa rangi yenye msimbo PG7, yaani kijani cha ftalosianini, ambacho kikiwa peke yake ni kikali kupita kiasi na kikikutana na karatasi hakifutiki kirahisi. Ncha ya burashi inatosha. Nikipima kisanduku kwa buluu zake pekee, nakipa alama za kati. Kingekuwa na buluu ya ftalosianini, PB15, mahali pa moja ya manjano zake, kingekuwa kisanduku cha pwani kweli.

Kinapong'ara ni kwenye rangi za udongo, jambo ambalo matangazo hayalitaji kabisa. Manjano ya udongo, siena iliyochomwa na umba iliyochomwa zote hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na siena iliyochomwa ni jamaa wa karibu kabisa wa kutu yenyewe. Kuchora nanga ya zamani kwa siena ni karibu sawa na kuichora kwa mada iliyoifunika. Nilipoichora pete ya kufungia kamba kwenye gati, ambayo kutu yake ilikuwa imetiririka na kuacha mchirizi mrefu ukutani, nilitandaza maji safi kwenye karatasi kuufuata mchirizi, kisha nikagusa siena juu tu, penye pete, na kuiacha ishuke yenyewe. Rangi ilifanya ukutani mwa karatasi kile ambacho mvua ilikuwa imefanya kwenye ukuta halisi, ikakolea kwenye kingo na kupungua katikati, na sikuona haja ya kuongeza chochote.

Siena hiyohiyo ikikutana na ultramarini hutoa kijivu, na kijivu hiki ndicho kinachobeba nusu ya kazi zangu. Ikizidi ultramarini, kijivu huwa cha mawingu ya mvua. Ikizidi siena, huwa cha mbao iliyokaa nje miaka mingi bila mafuta. Ubavu wa mashua ninaoukumbuka zaidi ulikuwa na buluu juu ya kijani juu ya nyeupe, na pale ilipobanduka yote mbao ilichungulia. Kuuchora kunahitaji kwenda kinyume cha mpakaji: mbao kwanza, tena hafifu, kisha kila tabaka likauke kabla ya kuwekewa jingine, huku ukiacha vipande visivyoguswa vyenye kingo kali. Kisanduku hiki kinaikubali kazi hiyo kwa sababu kobalti na siena zake zikikauka hazikurupuki ovyo zinapopitiwa na maji ya pili. Vidonge vyake viwili vya nyekundu, kwa upande mwingine, sikuvitumia sana, na nadhani mchoraji wa maua angevisifu kuliko mimi.

Nyeupe ni nafasi iliyopotea. Ni nyeupe ya zinki, na ukiitia kwenye mchanganyiko wowote huugeuza kuwa wa maziwa, hali ambayo ndiyo kinyume cha nuru ya kisiwani. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Anayetaka kuona jambo hili likifanywa na fundi, atazame picha ambazo Mmarekani Winslow Homer alizichora Bahamas katika majira ya baridi ya 1884 na 1885, na tena mwishoni mwa miaka ya 1890: kuta na matanga yake yanawaka kwa sababu aliiacha karatasi wazi na kuweka kivuli pembeni yake. Ukuta wa chokaa saa sita mchana huchorwa vivyo hivyo. Unachora kivuli cha ukingo wa paa kwa kobalti iliyochanganywa na wekundu kidogo, unachora ukungu wa chini kwa kijivu, na ukuta unajitokeza bila kuguswa. Kwa bahati nzuri vidonge hivi huchomoka kwa kusukumwa na kidole, na ukubwa wake ni ule wa nusu kidonge unaotumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo nilikitoa cha nyeupe na kukiweka hicho cha PB15 ambacho nililalamikia kukosekana kwake hapo juu.

Udogo wa kisanduku una faida ambayo sikuitarajia, nayo inahusu saa za bahari. Maji hupwa na kujaa, na nyakati zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Aliyechora mwamba ukiwa wazi leo saa tisa alasiri, kesho saa hiyohiyo ataukuta maji hayajauacha kama jana, na baada ya juma moja hataukuta kabisa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huenda mbali sana na kufunua vitu visivyoonekana siku nyingine, kisha hurudi kwa kasi. Chombo cha kufungua, kuchora na kufunga ukiwa umesimama kinalingana na hali hiyo kuliko sanduku kubwa na kiti chake. Nimeona pia kwamba kumbukumbu hupenda kuzidisha rangi. Mtu akiwa mbali na kisiwa, bahari yake huzidi kuwa ya buluu na mchanga wake kuzidi kuwa mweupe mwaka hadi mwaka, na dawa ya pekee ninayoijua ni vipande vidogo vya karatasi vilivyopakwa rangi palepale, visivyo na picha yoyote, vyenye maelezo ya saa na hali ya mawingu. Kisanduku hiki kimenipa vipande vingi vya aina hiyo, na ninaporudi kuchora kwa kumbukumbu ndivyo ninavyoviamini.

Hata hivyo mfuniko wake, ambao ndio paleti, umegawanywa katika vishimo vidogo mno. Rangi ya anga ya karatasi ya ukubwa wa daftari haitoshi katika kishimo kimoja, na ukichanganya kwa awamu mbili hutapata rangi ileile. Nilianza kubeba kisahani cha kauri, ambacho kinatibua dhana nzima ya chombo cha mfukoni. Hii ndiyo kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, na haina sababu, maana kishimo kimoja kirefu kingetosha mahali pa vitatu.

Hewa ya bahari nayo ina hukumu yake. Vidonge hushikamanishwa kwa gundi ya miti ya jamii ya migunga, na baadhi ya viwanda huongeza asali au gliserini ili visikauke na kupasuka. Kwenye unyevunyevu wa pwani chakula hicho hukaribisha ukungu ukikifunga kisanduku kikiwa bado kimelowa, na huo ukishaota hauondoki kwa kupangusa tu. Kiache wazi kivulini hadi vidonge visinate kwenye kidole. Usishawishike pia kuchota maji ya bahari kwa kuwa yako miguuni pako. Lita moja ya maji hayo ina karibu gramu 35 za chumvi, na chumvi inayobaki kwenye karatasi huendelea kuvuta unyevu wa hewa, hivyo picha hunata siku za mvua, na shingo ya bati ya burashi huanza kutu. Wapo wanaopenda nakshi ambazo chembe za chumvi huacha kwenye rangi mbichi. Nakshi hizo hupatikana kwa chumvi kavu inayonyunyizwa na kupanguswa, pasipo kuilowesha picha nzima.

Kwa atakayetundika kazi yake ukutani, asome misimbo iliyoandikwa kwenye vidonge au kwenye karatasi inayokuja na kisanduku. Ultramarini, PB29, na rangi za udongo hustahimili mwanga vizuri. Nyekundu iliyoiva iitwayo alizarini, ikiwa imeandikwa PR83, hupauka inapokaa kwenye mwanga, na nyumba za kisiwani zina mwanga wa kutosha. Visanduku vingi vya sasa huweka kiigizo chake kinachodumu zaidi, lakini jina huwa lilelile, kwa hiyo msimbo ndio wa kuangaliwa.

Karatasi haiji na kisanduku, nayo huamua mengi. Kwa punjepunje za ultramarini na mchirizi wa kutu nilioueleza, karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba yenye uso wa mkwaruzo ndiyo inayoitikia. Nyepesi zaidi ya hapo hujikunja maji yakizidi, na rangi hukusanyika mabondeni. Burashi iliyomo ina ncha nzuri kwa nyuzi za wavu na herufi zilizofutika kwenye tezi la mashua, ila tumbo lake halibebi maji ya kutosha kwa anga au bahari. Burashi ya duara ya namba 8 yenye mpini uliokatwa huingia kisandukuni kwa mshazari, na mfuniko ukafungwa bila shida.