Miaka sita katika fleti ya ushirika Jackson Heights, New York: uzoefu wangu

Cheti nilichokabidhiwa siku ya kununua fleti yangu hakina neno nyumba wala kiwanja. Kinasema mimi ni mmiliki wa hisa 215 za kampuni, na mali ya kampuni hiyo ni jengo moja la matofali mekundu la ghorofa sita, mtaa wa Jackson Heights, Queens, New York. Pamoja na cheti kulikuwa na mkataba unaoniruhusu kukaa katika fleti moja ya jengo hilo kwa muda wote nitakaokuwa na hisa zangu. Nilipompigia Mama simu Tanga kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, umenunua nyumba au umeingia chama?"

Nimeingia chama. Nimekaa humu miaka sita, na kwa anayefikiria kununua, hilo ndilo la kulishika kabla hujapanda hata ngazi kuiona fleti yenyewe.

Fleti yangu ina chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko na bafu. Bei ilikuwa dola 338,000. Benki ilitoa asilimia 75, maana bodi ya jengo letu hairuhusu mtu akope zaidi ya hapo hata benki ikiwa tayari. Robo iliyobaki ilikuwa akiba yangu ya miaka kumi na mmoja ya zamu za usiku maabara. Juu ya rejesho la mkopo inakuja ada ya kila mwezi: humo mna kodi ya jengo inayolipwa jiji, mafuta ya boila ya kupashia jengo joto, bima, mshahara wa supa (ndivyo New York nzima inavyomwita mtunza jengo), na sehemu ya mkopo ambao kampuni yenyewe ilichukua kwa dhamana ya jengo. Hilo la mwisho sikuwa nimelielewa. Nilidhani nina deni moja, kumbe ninayo mawili, langu na letu. Ada ilianza dola 790, leo ni 935. Usiangalie bei ya fleti peke yake. Omba hesabu za jengo za miaka miwili na mihtasari ya mikutano ya bodi, umpe mwanasheria wako aisome mstari kwa mstari. Wangu aliniambia mapema kwamba paa litatengenezwa, na kweli mwaka wa tatu ukaja mchango maalumu wa dola 2,700. Uliniuma, lakini haukunikuta mikono mitupu.

Bodi ni majirani waliochaguliwa na wenye hisa. Hawalipwi, na wao ndio wanaoamua nani anaingia. Niliwapelekea hesabu zangu za kodi ya mapato, taarifa za benki, barua ya mwajiri na barua tatu za watu wanaonifahamu. Kisha nikaitwa sebuleni kwa mmoja wao, nikakaa mbele ya watu watano. Waliniuliza saa zangu za kazi, kama napiga ala ya muziki, na kama huwa napokea wageni wengi. Swali la wageni lilinichoma. Nilikolelewa, nyumba isiyoingia mgeni ndiyo inayozungumzwa. Niliwajibu kwamba ndugu zangu wakija nitawapokea, na kwamba najua kuta zina watu upande wa pili. New York bodi inaweza kumkataa mnunuzi bila kumwambia sababu, mradi tu isiwe ubaguzi uliokatazwa na sheria. Mimi naiona kanuni hiyo ni mbaya, kwa sababu asiyeambiwa sababu atajuaje kama amebaguliwa? Nilisubiri siku tisa ndipo nikapigiwa simu ya kukubaliwa.

Na mtaa huu swali la nani aingie limeulizwa tangu mwanzo wake. Mwaka 1909, daraja la Queensboro lilipofunguliwa, kampuni ya Queensboro Corporation chini ya Edward A. MacDougall ilikuwa ikinunua mashamba ya huku. Treni ya juu, ile inayopita kwenye nguzo juu ya barabara, ikafika mwaka 1917. Kampuni ikajenga majengo ya fleti yanayozunguka bustani, na baada ya vita ya kwanza ya dunia ikaanza kuziuza kwa ushirika badala ya kuzipangisha. Majengo yaitwayo Chateau na Towers, ya miaka ya 1920, yana bustani ndefu katikati ambazo mpita njia hazioni, na mimi bado sijaona majengo ya makazi yaliyonituliza macho kama hayo. Lakini Weusi na Wayahudi hawakuuziwa. Mwanamke wa rangi yangu angeingia humu kufua na kupika, jioni aondoke. Sitaki kuusifia mtaa nikaliruka hilo. Leo ukishuka kituo cha Mtaa wa 74 unasikia Kihispania, Kibangla, Kinepali na Kihindi kabla hujafika kona ya pili, na katika maduka ya Wahindi napata bamia, iliki, unga wa dengu na nazi bila kubembeleza mtu aniletee. Kwa mtu wa Tanga, harufu ya mtaa ule ni nusu ya safari ya nyumbani.

Jengo lenyewe sasa. Wamarekani husema "la kabla ya vita", wakikusudia vita ya pili, na wakilitamka neno hilo kuna heshima ndani yake. Niliielewa heshima hiyo usiku wa kwanza. Kuta ni nene, plasta imara, dari iko juu, sakafu ni ya mbao za mwaloni zilizopangwa kwa nakshi ukingoni. Kuna madirisha ya barabarani na madirisha ya bustanini, kwa hiyo upepo unapita ndani moja kwa moja. Mtoto wa jirani hujifunza fidla ukuta kwa ukuta na mimi, na mlango ukifungwa simsikii. Nimewahi kupanga jengo jipya huku huku Queens ambapo nilisikia hadi simu ya jirani ikitetema juu ya meza.

Upungufu upo. Kabati za ukutani ni mbili tu. Soketi za umeme ni chache, na nikiwasha pasi pamoja na kiyoyozi, fyuzi inaungua. Mashine ya kufulia ndani ya fleti ni marufuku kwa sababu ya mabomba ya zamani. Tunafulia chini ya ardhi, kwa zamu. Ukitaka kubadilisha dirisha, hata kwa pesa yako, unahitaji kibali cha bodi na pia cha tume ya jiji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, kwa kuwa eneo hili lilitangazwa la kihistoria mwaka 1993. Langu lilichukua miezi minne, nikipitisha baridi kwa kuziba nyufa kwa vitambaa. Hata hivyo nikitembea barabara ya 35 nikaona safu nzima ya madirisha yanayofanana, naiunga mkono tume.

Kitu kinachohitaji kuzoewa kuliko vyote ni joto la mvuke. Boila iko chini. Inachemsha maji, mvuke unapanda kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta, yaani vipasha joto vya chuma vilivyo chini ya madirisha. Katika mfumo wa jengo letu bomba ni moja: mvuke hupandia humo, na ukipoa ukawa maji, hurudia humo humo. Ndiyo maana rejeta lazima iinamie kidogo upande wa bomba. Ikikaa vibaya maji yanatuama, mvuke unayakuta njiani kwa kasi, na saa kumi na moja alfajiri unaamshwa na kishindo kama cha nyundo juu ya reli. Baridi yangu ya kwanza niliamini ni jirani wa juu, nikapanda kumweleza. Alinikaribisha ndani, mama mtu mzima mwenye kanzu ya usiku, na tukiwa tumesimama sebuleni kwake rejeta yake ikapiga kishindo kile kile. Asubuhi supa alikuja na vipande viwili vya mbao. Akaviweka chini ya miguu ya mbali ya rejeta yangu, akapima kwa pimamaji, akabadilisha vali ya hewa. Alitumia nusu saa. Kishindo hakijarudi, na yule mama wa juu tangu siku ile ananiachia ufunguo wake akisafiri.

Ndani ya fleti huna pa kupunguzia joto. Sheria ya jiji inataka kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, mchana nje kukiwa chini ya nyuzi 13 za selsiasi, ndani kuwe angalau 20. Kwangu hufika 26, nafungua dirisha Januari. Inanisikitisha kuona mafuta tunayochangia yakipasha moto hewa ya barabarani, na tangu mwaka 2024 jiji limeanza kuwekea majengo makubwa kikomo cha hewa ya ukaa, kwa hiyo boila imekuwa ajenda ya kila mkutano. Huenda mchango maalumu mwingine uko njiani. Nimeshaanza kuuwekea akiba.

Nisiache kuitaja barabara ya 34. Mwaka 2020, wakati ugonjwa umetufungia ndani na hospitali za Queens zimelemewa, jiji liliifunga kwa magari mchana ili watu wapate pa kupumua, na hadi leo, kila mchana, watoto wanaendesha baiskeli katikati yake kwa urefu wa vitalu 26, kitalu kimoja kikiwa kutoka njia panda moja hadi nyingine. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nikipita hapo kwa miguu, na nilikuwa nalia.

Watoto wale wananirudisha kwenye suala la bustani. Ya kwetu ina miti mirefu kuliko paa, na majira ya kuchipua maua ya waridi yanaonekana mpaka kitandani kwangu. Kanuni ya jengo inasema bustani ni ya kutazamwa: unaweza kukaa kwenye benchi, lakini nyasi hazikanyagwi na watoto hawachezi. Kanuni hiyo tumeirithi, na wapo wazee wanaoilinda kwa moyo wao wote, kwa kuwa wao ndio waliopanda sehemu ya miti hiyo kwa mikono yao. Nawaelewa. Lakini katika jengo letu sasa kuna watoto kumi na wanne, wanaoitazama kupitia kioo bustani ambayo wazazi wao wanailipia. Uchaguzi wa bodi ni mwezi ujao, na kura zinahesabiwa kwa hisa. Wawili kati ya wagombea wameahidi kufungua nyasi kwa muda wa saa mbili kila jioni. Nimeshawaambia kwamba hisa zangu 215 ni zao.