Mpungate kama dawa: bapa bichi, unga au vidonge?

Nimeutumia mpungate (Opuntia ficus-indica) kwa sura zote tatu: bapa bichi (kile kipande kipana cha shina kinachofanana na jani nene), unga wa kopo, na vidonge vya miligramu 500. Bapa nalipa nyota tano, unga tatu, vidonge moja, tena kwa huruma.

Kinachosaidia kwenye dungusi hili ni nyuzinyuzi zake na ule ute unaoteleza kama wa bamia. Ukifika tumboni ute huvimba, chakula kikashuka polepole, na sukari ikaingia kwenye damu kidogokidogo badala ya kupanda ghafla. Majaribio ya Meksiko yaliyoonyesha sukari ikipungua baada ya mlo yalikuwa madogo, na moja lilitumia gramu 300 za bapa lililopikwa kwa mvuke katika mlo mmoja. Sasa piga hesabu: bapa changa lina maji kama asilimia 94, hivyo gramu 300 zikikauka hubaki kama 18. Hivyo ni vidonge 36. Lebo ya kichupa changu inasema viwili kwa siku.

Unga angalau unafikia kiasi cha maana. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 3. Nakoroga viwili kwenye mililita 250 za maji na kunywa papo hapo, nikifuatisha glasi nyingine ya maji. Ukiuacha dakika kumi unakuwa rojo zito lisilonyweka. Usiulambe mkavu, unaweza kuvimba kooni. Na unga usioteleza kabisa baada ya kuloweka sina haja nao, maana nilichokuwa nanunua ni huo ute. Kwa choo kigumu unafaa, mradi unywe maji ya kutosha. Bila maji unazidi kufunga. Siku za mwanzo tarajia gesi, kwa hiyo anza na nusu kijiko.

Bapa bichi ndilo lenye kazi. Chukua changa, la ukubwa wa kiganja. Likikomaa linakuwa na nyuzi ngumu kama kamba. Saa ya kukata nayo ina maana: mmea huu hufyonza hewa ya ukaa usiku na kuihifadhi kama asidi, hivyo la alfajiri ni chachu sana na la alasiri limepungua uchachu. Miiba mirefu si tatizo, unaiona. Hatari ni vinyweleo vyenye ndoano vilivyojaa kwenye madoa. Shika bapa kwa koleo, libabue juu ya moto pande zote, kisha kwangua kila doa kwa kisu, ukimaliza na kingo. Vikikuchoma usisugue wala usinyonye kidole: toa vingi kwa kibano, paka gundi nyeupe hapo, funika kwa kipande cha shashi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), acha ikauke, halafu bandua.

Pika kwa mvuke au kwenye kikaango kikavu dakika kama kumi, hadi kijani kififie. Wengi huchemsha na kumwaga maji ili kuondoa ute. Kwa mboga ni sawa, kwa dawa umemwaga dawa.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari) aongee na daktari kwanza, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, kutetemeka, kizunguzungu. Dawa nyingine za kumeza zitangulie kwa saa mbili, ute usije ukazichelewesha. Mwenye historia ya mawe kwenye figo aache, bapa lina oksaleti nyingi, chumvi inayochangia mawe hayo. Matunda ni habari nyingine: mekundu hugeuza rangi ya mkojo na kuwatia watu hofu bure, lakini mbegu zikiliwa kwa wingi zinaweza kuganda kwenye utumbo mpana na kuuziba.

Kupaka ute kwenye ngozi iliyoungua na jua kunapoza, basi. Kidonda kilichoungua kwa moto kipeleke zahanati.

Na kabla ya yote, kata uone. Mpungate hutoa ute usio na rangi. Ukiona maziwa meupe, huo ni mmea wa jamii ya mnyaa, unaofanana nao kwa miiba tu. Utomvu wake huunguza ngozi na unaweza kupofusha macho. Nawa mikono kwa sabuni na usiguse uso.