DVD au Blu-ray kwa kibanda cha filamu?

Kwa gharama, DVD inashinda: diski tupu ni rahisi, na filamu zilizotafsiriwa Kiganda na maveejei (VJ, watafsiri wanaosimulia filamu) wa Kampala zimezoeleka humo. Blu-ray hubeba GB 25 kwa tabaka moja, DVD 4.7 tu, lakini kwenye televisheni ndogo, nani ataona tofauti? Kwa mikwaruzo, Blu-ray ina utando mgumu zaidi.

Bei rahisi peke yake haiokoi, hata hivyo. HD DVD ya Toshiba, diski iliyoshindana na Blu-ray, ilichapishwa kwa mitambo ya DVD iliyorekebishwa, ilhali Blu-ray ilidai mitambo mipya ya bei kali. Studio kubwa zilipohamia Blu-ray, Toshiba ikasalimu amri Februari 2008.

Ukiwa na projekta nzuri na wateja wanaolipa zaidi, Blu-ray itakufaa. Ukiuza diski mtaani, baki na DVD.