Shule ya udereva niliyosoma Mwanza: mzee wao nampendekeza, yule mwingine hapana

Naandika haya kwa ajili ya mgeni yeyote anayetafuta mahali pa kujifunza udereva hapa Mwanza, na niseme mapema kwamba hasira zangu bado hazijaisha. Mimi ni mtu wa Mombasa, nipo hapa kwa kibali cha kazi, na kwa muda mrefu maisha yangu yote kati ya Nyegezi na mjini yalitegemea daladala na bodaboda. Darasani sina la kulalamikia. Alama za barabarani walizifundisha vizuri, leseni ya kujifunzia niliipata TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, bila usumbufu, na kwa kuwa Kenya na Tanzania sote tunaendesha upande wa kushoto, hilo halikunipa shida.

Shida ilianza tulipoingia barabarani. Mwalimu niliyepangiwa alikuwa na biashara yake ya dagaa, na saa nilizolipia mimi ndizo alizotumia kuiendesha. Mara nyingi somo lilianzia Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, ambako alishuka, akapatana bei, akapakia magunia kwenye kiti cha nyuma, kisha akanielekeza kwa mteja wake Buzuruga huku akinihimiza niongeze mwendo katikati ya makazi ya watu, mahali ambapo sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa na si zaidi. Nilipomwuliza kwa heshima ni lini atanifundisha kurudi nyuma na kuegesha, alinijibu bila hata kunitazama, "Dada, endesha. Hii nayo si barabara?"

Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kukisamehe ni kilichotokea kwenye kilima cha kwenda hospitali ya Bugando. Foleni ilisimama tukiwa katikati ya mlima, na nilipotaka kuondoka gari likazima, nikawasha, likazima tena, na nyuma yetu honi zikaanza. Badala ya kunielekeza, alivuta breki ya mkono kwa nguvu na kusema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye bajaji ya pembeni, "Shuka! Nyie Wakenya mnajua kuongea tu, gari hamliwezi." Akanihamishia kiti cha nyuma, tena mbele ya wagonjwa na wauguzi waliokuwa wakipanda kwa miguu, na nikarudi ofisini gunia la dagaa likiwa limeniegemea goti, katika gari ambalo mafuta yake yametoka kwenye ada yangu. Nilipolalamika ofisini, niliambiwa, "Mvumilie tu mama, ndivyo alivyo." Kwa nini nimvumilie mtu ninayemlipa? Siku ile niliapa kwamba nitamwambia kila mtu asikanyage pale.

Hata hivyo lazima niwe mkweli. Nilikataa katakata kupanda tena gari la yule bwana, ndipo wakanipa mwalimu mwingine, mzee mmoja mtaratibu anayevaa baraghashia. Nilipomwamkia, aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye kilima kilekile. Vuta breki ya mkono, akasema, ingiza gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, achia klachi polepole mpaka uhisi gari linataka kuondoka, hapo ndipo uachie breki. Honi zilipoanza, alisema jambo ambalo nalikumbuka hadi leo kila ninapopanda mlima: "Usiliwazie gari la nyuma, lina dereva wake." Gari liliondoka. Jambo lenyewe lilimalizika asubuhi moja, na mwenzake alilifanya lionekane kama ulemavu wa taifa langu!

Trafiki walinipima, nikafaulu, na sasa nina leseni daraja D, ile ya magari madogo binafsi. Jumamosi moja niliendesha peke yangu hadi Usagara, nikakata kuelekea Kigongo na kulivuka lile daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, vioo vikiwa wazi na Ghuba ya Mwanza ikiwa pande zote mbili. Mimi nimekulia Likoni, nakijua kivuko na foleni yake, na najua maana ya siku nzima kupangwa na chombo usichokimiliki. Nilifika Sengerema, nikala, nikarudi saa niliyotaka mwenyewe, bila kumwuliza mtu gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Kwa furaha ile ningeipa shule hii nyota zote tano.

Lakini kila nikikumbuka kiti kile cha nyuma, nyota zinapungua tena, na leo naiachia mbili, zote za mzee. Ukienda, hakikisha kabla ya kulipa kwamba ni yeye atakayekufundisha, na wakikuambia hana nafasi, ondoka na fedha yako. Mimi ada ya masomo yaliyoishia Mwaloni bado sijarudishiwa, na wiki ijayo nakwenda tena kuidai, safari hii kwa gari langu.