Nililipia visiwa viwili, kimoja nikaonyeshwa kwa kidole

Ningeulizwa jioni ile ile, pale gatini Kilwa Masoko, ningesema kwamba mwandaaji huyu wa safari za boti kwenda visiwa vya magofu vya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani hastahili hata nyota moja. Sasa hasira zimepungua kidogo, kwa hiyo nampa mbili, na zote mbili ni za nahodha wake.

Mimi ni mkazi wa Mtwara mjini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na daftari lenye orodha ya mambo ya huku kusini ninayotaka kuyafanya kabla magoti hayajaanza kunidai. Kuvuka mto Ruvuma nimekwisha kuvuka, bahari ya Msimbati nimeogelea, na kilima cha Tendaguru nimekipanda. Nataja Tendaguru kwa makusudi. Kule bara ya Lindi hakuna cha kumwonyesha mgeni mwenye haraka, kwa sababu mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi ikapelekwa Ulaya, na kiunzi mashuhuri kuliko vyote, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama Berlin hadi leo. Kilichobaki ni nyasi, miti na upepo. Hata hivyo mwenyeji aliyetupeleka alituacha tukae juu pale mpaka tulipotosheka wenyewe, na nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia mahali pasipokuwa na kitu. Ndiyo maana nilidhani Songo Mnara, ambako vitu vipo tele, kungekuwa karamu.

Makubaliano yalikuwa wazi na niliyapokea kwa maandishi kwenye simu: Songo Mnara asubuhi, Kilwa Kisiwani mchana, kurudi Masoko jua likielekea kutua, na chombo kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nililipa fedha zote kabla. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa gatini, nimevaa viatu vya kulowana kama nilivyoelekezwa. Nahodha alikuwepo, mashine ya boti ilikuwa tayari, mafuta yalikwisha kutiwa, maji yamejaa na bahari imetulia kwa namna ambayo msimu wa kusi hautoi mara nyingi. Aliyekosekana ni kijana mwongozaji. Alipofika, alitutangazia kwamba kuna wateja wengine wawili wanatoka hotelini, na kwamba tungewasubiri “kidogo tu”. Tuliondoka saa nne kasorobo.

Wakati tunasubiri, nahodha alikuwa akitazama maji, kisha akimtazama kijana, kisha akitazama maji tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mwanangu, haya maji yanaanza kutoka. Kule kwenye mikoko tutafika tukute tope.” Ikawa hivyo hivyo. Tuliposhuka Songo Mnara boti ilisimama mbali, tukatembea ndani ya maji na tope hadi tukaipita mikoko. Sehemu hiyo silalamikii hata kidogo, niliipenda. Kushuka majini na kuingia mji wa kale kwa miguu iliyolowa ni jambo ambalo peke yake lilitosha kuandikwa kwenye daftari.

Na mji wenyewe, jamani! Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama bila mapaa, na matao ya milango bado yamekaa sawasawa. Kuna msikiti, kuna makaburi katika uwanja wa wazi katikati ya mji, kuna jumba kubwa ambalo ukiingia chumba kimoja unakuta mlango wa kuingia kingine. Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, wakati dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipita pwani hii kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Nilikuwa nimesimama ndani ya jumba hilo, mkono wangu ukutani, nikijaribu kuelewa chumba kipi kilikuwa cha kulala na kipi cha kupokelea wageni, niliposikia makofi. Mwongozaji alikuwa anatupigia makofi kama watu wanavyofukuza kuku.

Nilimwomba atusimulie walau habari za jumba lile. Ikumbukwe kwamba njiani, alipoulizia kwa upole kilichonileta, nilikuwa nimemweleza habari za daftari langu. Sasa akanijibu mbele ya wote: “Dada, si ulisema una orodha? Picha umeshapiga. Weka tiki yako twende.”

Wenzangu wawili walicheka. Sikucheka, na hadi leo sioni cha kuchekesha. Mtu anayeandika orodha ya namna hii hakusanyi picha. Kama ni picha, zipo nyingi mtandaoni na hazilipiwi nauli. Nilitoka Mtwara kwa basi, nikabadilisha gari Nangurukuru, nikalala Masoko, ili niwe mahali pale kwa muda wa kutosha. Magofu haya pamoja na yale ya Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakatangazwa kuwa hatarini mwaka 2004, na ilichukua miaka kumi ya kuyatengeneza na kuyalinda hadi yalipoondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Yeye alitupa muda usiotosha kuuzunguka msikiti.

Nilipomuuliza sababu ya haraka alisema maji yanakupwa na tutapwelewa. Kwa haki, hakusema uongo. Nahodha naye alikuwa ameanza kutuita, na mtu mwenye akili habishani na nahodha juu ya maji. Kwa muda nilijikuta nikimtetea kijana moyoni: bahari si yake, ratiba ya maji haipangi yeye. Lakini nilipokaa botini nikakumbuka kwamba maji yale yale yalikuwa yamejaa wakati sisi tumekaa gatini tukiwasubiri wateja wake wawili. Kujaa na kupwa kunajulikana siku nyingi kabla. Mvuvi yeyote wa Masoko angemwambia. Alichouza ni muda wetu, akawauzia watu wengine.

Ningeweza kusamehe hadi hapo. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Tulipokaribia Kilwa Kisiwani, nikiwa tayari nimeshika begi langu, boti haikupunguza mwendo. Mwongozaji alinyoosha kidole kuelekea Gereza, ile ngome iliyo ufukweni, akasema: “Hiyo ndiyo Kisiwani, mmeshaiona.” Nilipodai tushuke, ilibainika kwamba alikuwa amewaahidi wageni wengine matembezi ya baharini ya jioni kwa boti hiyo hiyo. Niliomba nirudishiwe nusu ya fedha. Jibu lilikuja usiku, kwa ujumbe mfupi: fedha ya safari hairudishwi. Nikitafakari jibu hilo naondoa nyota moja, nahodha atanisamehe.

Kesho yake nililipia kibali mwenyewe, nikavuka kwa boti ya kawaida, nikatembezwa na mzee wa kisiwani ambaye hakutazama saa hata mara moja. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14 kwa matao na makuba, ni jengo ambalo sina maneno yake. Kutoka huko tulitembea hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye birika la pembe nane, juu ya bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na sarafu yenye jina la sultani imepatikana hata kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Haya yote niliyasikia nikiwa nimeketi kivulini, bila kupigiwa makofi. Kisiwani nimekiwekea alama kwa roho nyeupe. Songo Mnara bado sijaiwekea, na sitaiweka kwa ziara ile.

Je, nawashauri wengine wasiende? Hapana, nendeni, hata kesho. Ila mjadiliane na nahodha kwanza, mpange kwa maji na si kwa wateja wa hotelini. Kuhusu mwandaaji, juzi ameniandikia akiniomba niwe mpole katika maelezo yangu, na ameniahidi punguzo kwa safari ya kuangalia nyangumi, ambao hupita pwani ya kusini kati ya Julai na Oktoba. Nyangumi wamo kwenye daftari langu, sitaficha, na kwa sekunde kadhaa nilishawishika. Nimemjibu kwa swali moja: chombo kinaondoka saa ngapi, na kitakuwa kinamsubiri nani? Hadi naandika haya hajajibu.